Kijana akienda jeshi la maji, mzazi asiachwe peke yake

Tangu Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, neno jeshi halitoki tena katika nyumba za Maniema. Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe kwa wingi, kama alivyokuwa amewaita Novemba 2022. Mwito huo haukuishia Kinshasa. Ulipita kwenye redio, ukapita kwenye simu, ukafika mpaka huku kati ya Kasongo na Kabambare, ambako kijana aliyemaliza shule hana kazi, na aliyeacha shule hana shamba la kutosha.

Kijana anayejiandikisha anapata sifa. Wenzake wanamshangilia, wasichana wanamtazama, wazee wanasema huyu sasa ni mwanaume. Lakini nyuma yake kuna baba na mama. Hao hakuna anayewauliza kitu. Wanaambiwa tu: shukuruni, mmetoa mtoto kwa ajili ya nchi. Kisha jioni inafika, bugali inaivishwa, na mkono wa mama unapima unga wa watu saba wakati nyumbani wamebaki sita.

Maoni ya makala hii ni haya: mzazi aliyebaki anadaiwa kitu. Anadaiwa na mtoto mwenyewe, anadaiwa na majirani, na anadaiwa na serikali zaidi ya wote. Deni hilo si pesa kwanza. Ni ukweli kabla ya safari, na habari baada ya safari.

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi hapa wanajifariji nalo. Kijana akisema anataka kwenda jeshi la maji, mama anapumua kidogo. Anasema afadhali huko, si kama wale wanaopelekwa mstari wa mbele na bunduki mgongoni. Watakaa kwenye mashua, watalinda mto, watakula samaki. Na kwa kijana wa huku, maji si kitu kigeni. Amekulia kando ya Luama, amejifunza kuogelea kabla ya kusoma, ameona mitumbwi ikivusha watu, mbuzi na magunia ya mpunga. Akisikia jeshi la maji anaona ni kazi anayoijua nusu tayari.

Lakini faraja hiyo ichunguzwe vizuri. Katiba ya nchi, katika kifungu cha 187, inasema jeshi la taifa lina sehemu tatu: nchi kavu, anga na maji. Ni jeshi moja, lenye amri moja. Bahari ya Kongo ni ndogo sana, pwani yake haifiki hata kilometa 50, pale Moanda na Banana. Kwa hiyo askari wa maji wa Kongo kazi yake kubwa iko kwenye mito na maziwa. Vituo vyake vikubwa vilipangwa Matadi, Kinshasa, Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, na Goma kwenye Ziwa Kivu. Mzazi asome majina hayo tena polepole. Goma ni mji uliotekwa. Kalemie ni bandari ambayo watu wa Kivu ya Kusini wanaikimbilia kila vita inapowasukuma. Maji ya mashariki hayako mbali na vita. Yako ndani yake.

Tena jeshi la maji lina askari wake wanaopigana kwa miguu. Anayevaa nguo ya baharia anaweza kushushwa kwenye ufuko na kuambiwa alinde kilima. Amri ikitoka, haimuulizi kama alijiandikisha kwa ajili ya mashua au kwa ajili ya pori.

Na vita kwenye maji si hadithi mpya katika upande huu wa nchi. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita kutoka mbali sana. Zilisafiri kwa treni, zikavutwa milimani kule Katanga, zikateremshwa kwa mto Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, kisha zikafikishwa Ziwa Tanganyika. Ni Lualaba uleule ambao watu wa Kasongo wanaufahamu. Desemba 1915 mashua hizo ziliikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine iliyoitwa Hedwig von Wissmann, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Mwaka 1965 ni ziwa hilohilo ambalo Che Guevara alilivuka usiku kutoka Kigoma kuja upande wa Fizi kusaidia waasi. Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne na kina chake kinapita meta 1,400. Kila aliyetaka kupigania mashariki ya Kongo alilitazama kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wanalisema kwa sauti ya chini. Maji hayana kaburi. Askari akifia nchi kavu, mara nyingine mwenzake anaweza kuonyesha mahali. Akifia ziwani, mara nyingine hakuna hata kipande cha nguo. Oktoba 2024 meli ya abiria MV Merdi ilizama Ziwa Kivu, karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka ufukoni. Makumi walikufa, na familia nyingi zilikaa zikisubiri miili. Wale walikuwa abiria wa kawaida, karibu kabisa na mji. Mzazi anayemruhusu mtoto kwenda jeshi la maji aende na jambo hilo moyoni, asije akashtukizwa nalo baadaye.

Kusema hivi si kumkataza kijana. Ni kukataa kumdanganya mzazi. Mtu anavumilia zaidi mzigo alioupima kabla ya kuubeba.

Sasa kwa nini vijana wanaenda? Wengine wanaenda kwa hasira. Wameona nyumba zikiungua, wameona wajomba wakikimbia na watoto mabegani. Kwa kijana aliyekimbia Fizi au upande wa Salamabila, vita si habari ya redio. Ndiyo iliyomtoa kitandani. Wengine wanaenda kwa sababu hakuna kingine. Diploma iko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, mvua imeshailowesha mara mbili. Jeshi linatoa nguo, linatoa chakula, na linatoa mshahara. Machi 2025 Rais aliagiza mshahara wa askari na polisi uongezwe mara mbili. Habari hiyo ilisikika vizuri sana katika vijiji ambako mwalimu anasubiri malipo yake kwa miezi.

Sababu zote mbili ni za kweli, na mzazi asizidharau. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni laana. Baba anasema: ukivuka mto huu, mimi si baba yako tena. Mama anakataa kumpa radhi. Katika nchi hii ya Kasongo na Kabambare, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, radhi ya mzazi si neno dogo. Kijana anayeondoka bila radhi anaondoka na jiwe tumboni. Akipata hofu kule, atadhani ni laana. Akijeruhiwa, ataogopa kupiga simu nyumbani. Na mara nyingi laana haimzuii mtu. Anaondoka usiku, bila karatasi, bila kuaga, na familia inapoteza hata ule mwanya mdogo wa kujua alikokwenda. Baba anayetaka kumlinda mtoto kwa hasira anamfungia mlango wa kurudi.

Njia ya pili ni kumsukuma. Mzazi anahesabu mshahara kabla mtoto hajapimwa afya. Anasema: mwana wa fulani ametuma pesa, wewe unakaa hapa unacheza karata. Kijana ambaye hakutaka anaenda kwa aibu. Huyo ndiye atakayetoroka, na huyo ndiye atakayeteseka zaidi. Mtoto si mbuzi wa kupelekwa sokoni siku bei inapopanda.

Njia iliyonyooka ni ngumu zaidi: kukaa naye chini, kumwuliza, kumsikiliza mpaka mwisho, kumweleza hofu bila kumtishia, na kama uamuzi wake umesimama, kumpa radhi hata machozi yakitoka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli. Lakini uchungu huo hauwi sheria juu ya mtu mzima. Kijana mwenye miaka 18 ana haki ya kuchagua kazi yenye hatari, kama vile mzazi wake alivyochagua kuvuka pori na baiskeli ya mizigo wakati wa vita ya RCD na Mai-Mai ili watoto wapate chumvi.

Wapo watakaosema makala hii inapunguza nguvu ya taifa. Watasema kila mzazi akianza kupima na kuuliza, nani atakwenda kulinda nchi? Swali hilo lina uzito, hasa mbele ya watu waliokimbia. Mama anayelala chini ya hema anataka jeshi lenye nguvu, tena analitaka kesho asubuhi. Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema watoto wa maskini wanakwenda kufa wakati watoto wa wakubwa wanasoma Ulaya. Nao hawasemi uongo wote. Lakini majibu ya pande zote mbili yanakutana mahali pamoja. Jeshi lenye nguvu halijengwi na watoto waliodanganywa wala na wazazi walionyamazishwa. Katiba yenyewe, kifungu cha 189, inataka watu wa jeshi wachaguliwe kwa afya ya mwili, elimu ya kutosha, tabia njema, na kwa uwiano wa haki kati ya mikoa yote. Kwa hiyo mzazi anayeuliza maswali hapingi jeshi. Anaisoma Katiba.

Swali la kwanza la kuuliza ni umri. Hapa hakuna mjadala. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inakataza mtu yeyote kumwingiza mtoto mwenye umri chini ya miaka 18 katika jeshi, katika polisi au katika kikundi chenye silaha. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mwaka 2012 serikali ilitia sahihi mpango na Umoja wa Mataifa kumaliza desturi hiyo. Watu wa umri wa kati wa huku hawahitaji kusimuliwa. Wanawakumbuka kadogo wa mwaka 1996 na 1997, watoto waliobeba bunduki ndefu kuliko wao, wakaingia Kinshasa kama washindi, na wengi wao hawakupata tena shule wala familia. Neno kadogo lilikuwa neno la mapenzi, la mama akimwita mwanawe. Vita ililigeuza likawa cheo.

Kwa familia zilizokimbia, swali la umri ni gumu zaidi, juu ya karatasi. Vyeti vimeungua au vimebaki katika nyumba zilizoporwa. Mvulana wa miaka 16 mwenye mabega mapana anaweza kusema ana 19, na hakuna wa kumpinga. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa si karatasi ya wasomi tu. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa ni bure kisheria. Muda ukipita, inabidi kupitia mahakama. Njia hiyo ni ndefu, lakini shefu wa kijiji, padri, shehe na mwalimu wanaweza kutoa ushahidi wa umri. Mzazi anayejua kwamba mwanawe hajafika miaka 18 aseme kwa sauti, mbele ya mashahidi, siku ileile. Kunyamaza siku hiyo ni kumtoa mtoto zawadi.

Swali la pili ni mlango. Kuna kijana anayepitia kwenye ofisi ya kuandikisha ya jeshi la taifa, akapimwa afya, akapelekwa kwenye kambi ya mafunzo kama Kitona au Kamina, akapewa namba ya matrikili. Na kuna kijana anayefuata komanda wa porini kwa sababu ni shemeji yake. Wote wawili watasema nyumbani kwamba wamekwenda kulinda nchi. Kwa moyo wao labda ni kweli. Lakini kwa mzazi tofauti ni kubwa kama mto wakati wa masika. Wa kwanza yumo katika daftari la serikali. Wa pili hayumo popote. Akifa, hakuna ofisi itakayosema alikuwepo. Mwaka 2023 ilitungwa sheria ya jeshi la akiba ili wanaotaka kusaidia ulinzi waingie katika utaratibu unaojulikana. Katiba kwa upande wake, katika kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake. Mzazi akimwambia mwanawe, kama ni lazima uende, pita mlango wenye daftari, hamkatishi tamaa. Anamtengenezea njia ya kurudi.

Swali la tatu ni nini kitabaki nyumbani. Siku za mwisho kabla ya safari, familia nyingi zinatumia kila kitu kwa chakula cha kuaga. Kuku anachinjwa, wali unapikwa, watu wanacheza. Ni vizuri. Lakini kabla kuku hajachinjwa, karatasi ziandikwe. Majina kamili ya kijana kama yatakavyoandikwa jeshini, bila jina la utani. Majina ya baba na mama. Kijiji, grupema, sekta, na territoire ya Kabambare au ya Kasongo. Nakala ya kadi ya mchaguzi. Picha moja ya karibuni. Kama ana mke, ndoa iandikishwe kwenye eta-sivili, si mahari peke yake. Kama ana mtoto, mtoto aandikishwe. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayohusu hali ya askari, inatambua haki za mjane na yatima. Lakini haki hiyo inaombwa kwa karatasi. Mjane asiye na cheti cha ndoa anaweza kulia mbele ya ofisi mwaka mzima, na anayemsikiliza akamwonea huruma bila kuwa na namna ya kumsaidia.

Kijana naye ana deni lake. Akipewa matrikili, namba hiyo itumwe nyumbani kwa njia yoyote. Iandikwe mahali pawili: kwa mama na kwa mtu mwingine anayeaminika, kama mjomba au mwalimu wake wa zamani. Atume pia namba ya simu ya mwenzake mmoja. Simu inapotea, lakini watu wawili hawapotezi simu siku moja. Hayo ni mambo madogo yasiyogharimu hata chupa ya mawese, na ndiyo yanayotofautisha mzazi anayesubiri na mzazi anayekisia tu.

Baada ya hapo inakuja kazi kubwa, nayo ni kusubiri. Lusangi rezo inakuja na kuondoka. Mama anapanda kilima na simu mkononi. Wiki ya kwanza mtoto anapiga, wiki ya pili anapiga, kisha kimya. Na katika kimya hicho uvumi ndio unaokimbia kuliko motari. Picha inatumwa kwenye WhatsApp, mtu amelala kwenye majani, uso hauonekani vizuri, na mtu mmoja anasema: si yule mtoto wa mama fulani? Picha nyingine ni za vita ya zamani, nyingine si za Kongo kabisa. Anayetuma anadhani anatoa habari. Kwa kweli anamchoma mama kisu gizani.

Hapa kuna habari ambayo kila mzazi aiweke moyoni. Goma ilipoanguka Januari 2025, askari na polisi wengi walikimbilia katika kambi za MONUSCO ndani ya mji. Walikaa humo miezi mitatu. Simu nyingi zilikuwa kimya. Kuanzia mwisho wa Aprili 2025, Shirika la kimataifa la Msalaba Mwekundu, CICR, liliwasindikiza kutoka Goma mpaka Kinshasa. Pamoja na watu wa familia zao, walikuwa zaidi ya elfu moja. Kwa kila mmoja wao kulikuwa na nyumba mahali fulani, na katika baadhi ya nyumba hizo bila shaka watu walikuwa wameanza kuzungumza habari ya matanga. Kwa hiyo kimya cha miezi mitatu si kifo. Mzazi asikubali msiba wa uvumi. CICR na Msalaba Mwekundu wa Kongo wana kazi ya kutafuta watu waliopotezana na kupeleka habari za familia, bila malipo. Yule aliyekimbia vita na asiyejua mwanawe yuko wapi, na mwanawe pia asiyejua mama alikimbilia wapi, wanaweza kuomba msaada huo kutoka pande zote mbili. Kumbuka kwamba askari naye anaweza kupoteza wazazi wake. Kijiji kikikimbia, ni yeye anayepiga simu isiyojibiwa.

Na simu ikipatikana, mzazi aseme nini? Wapo wanaolia: acha yote, kimbia, rudi leo. Ni sauti ya mapenzi, hakuna wa kuilaumu. Lakini mzazi ajue anachoomba. Machi 2024 serikali iliondoa usitishaji wa adhabu ya kifo uliokuwapo tangu 2003. Julai mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi katika Kivu ya Kaskazini iliwahukumu kifo askari 25 walioshtakiwa kwa kukimbia mbele ya adui. Mtu anaweza kuona adhabu hiyo ni ya haki au ni ya ukatili, na wengi wanaipinga. Lakini ipo. Mama anayemwambia mwanawe atoroke anaweza kumtoa kwenye hatari moja na kumtia kwenye nyingine. Afadhali amwulize: umekula? unaumwa? komanda wako ni nani? unaweza kuomba ruhusa? Na amwambie habari za nyumbani za kawaida: mpunga umechanua, dada yako amefaulu, mbuzi yule mweusi amezaa. Askari hahitaji mama ampangie vita. Anahitaji kujua kwamba nyumbani bado kupo.

Majirani nao wana kazi. Kijana akiondoka, mikono miwili imetoka shambani. Kwa familia iliyokimbia vita, huenda ndiyo mikono iliyokuwa inakata miti ya kujengea kibanda na kubeba maji kwa ajili ya bibi asiyeweza kutembea. Salongo ya kijiji inaweza kuchukua asubuhi moja kwa mwezi kulima shamba la mzazi mwenye mtoto jeshini. Likelemba ya akina mama inaweza kumsogeza mbele zamu yake ikiwa amepata habari mbaya na anahitaji kusafiri mpaka Kasongo au Kindu. Msikiti na parokia zinawaombea askari, na ni vema. Zingewataja pia wazazi kwa majina. Na wanaume wa kijiji wamwangalie baba. Mama analia, watu wanamzunguka. Baba anakaa chini ya mwembe, anasema hakuna shida, na usiku halali.

Lakini majirani hawawezi kubeba kazi ya serikali. Serikali iliyojua njia ya kufika Lusangi kuwaita vijana inaijua pia njia ya kufika Lusangi kuleta habari zao. Hiyo ndiyo hoja ya makala hii, na isisahauliwe. Katika kila territoire, Kabambare na Kasongo zikiwemo, iwepo meza moja inayojulikana, yenye afisa anayejulikana, ambapo mzazi anaweza kwenda na majina na matrikili ya mtoto na kuambiwa moja kati ya mambo manne: yuko hai, amejeruhiwa, hajulikani alipo, au amekufa. Hatakiwi kuambiwa yuko mstari gani wala silaha gani anabeba. Siri ya jeshi ibaki siri ya jeshi. Lakini uhai wa mtoto si siri kwa aliyemzaa. Na kama amekufa, habari iletwe na mtu, aliyevaa nguo safi, akiwa na barua, akikaa kwenye kiti na kutaja jina la marehemu vizuri. Isije kwa simu ya mtu asiyejulikana anayesema tu "pole" kisha anakata.

Mbunge anayekuja kuomba kura aulizwe habari ya meza hiyo. Msimamizi wa territoire aulizwe. Shirika la raia liiweke katika barua zake, kando ya barabara na madaraja. Redio za huku zisome majina ya wanaotafutwa kama zinavyosoma matangazo ya vifo. Mazungumzo ya Washington na Doha yamefanyika, sahihi zimewekwa, na kila mtu anaomba yazae amani. Lakini amani ikija kesho, bado kutakuwa na wazazi wanaouliza mtoto yuko wapi. Vita ikiendelea, watakuwa wengi zaidi.

Kwa mzazi anayeketi leo na kijana aliyekwishaamua: mpe radhi yako, andika majina yake vizuri, hakikisha umri wake, mwonyeshe mlango wenye daftari. Kwa jirani: usitume picha usiyoijua, beba jembe. Kwa kijana anayekwenda Kalemie, Kinshasa au Matadi kuvaa nguo ya baharia: simu moja ya dakika mbili, hata kama huna la kusema. Na kwa wenye mamlaka: mlipewa mtoto mwenye jina, na siku mzazi wake atakapokuja kuuliza, mjibuni kwa jina hilo.